Vumbi, Mafuta na Bastola ya Mashindano

Upepo unaotoka baharini ukifika Same mjini huwa umekwisha kuacha maji yake kwenye Milima ya Upare. Huko juu, Chome na Mamba, msitu una ukungu, migomba imeshiba na tangawizi inastawi. Huku chini, kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, kuna miiba, mkonge na vumbi jekundu linaloingia ndani ya kila kitu chenye sehemu zinazosuguana: mnyororo wa pikipiki, pampu ya maji, mashine ya kusaga. Fundi wa Same hahitaji kuambiwa kwamba grisi nyingi mahali penye vumbi ni adui, maana grisi hushika mchanga, na mchanga ulioshikwa na grisi hukwangua chuma kama msasa. Bastola nayo ni mashine yenye sehemu zinazosuguana, na hoja ya makala haya inaanzia hapo. Kuna mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola unaoitwa wa vitendo, kwa sababu mshindani hukimbia, hugeuka, huchungulia nyuma ya ukuta na kufyatua akiwa katika mwendo. Nasema kwamba mshindi wa mchezo huo hupatikana kwa sehemu kubwa mezani, juu ya kitambaa, kwa brashi na tone la mafuta, kabla risasi hata moja haijaingizwa. Na kwamba tabia hiyo ya mezani ndiyo inayoweza kumfaa hata mtu wa Upare ambaye hatashindana maishani mwake lakini ana bunduki nyumbani au kazini.

Mchezo wenyewe una umri mdogo. Michezo ya Olimpiki imekuwa na ulengaji shabaha tangu 1896, lakini bastola ya Olimpiki hushikwa na mtu aliyesimama palepale, mkono mmoja umenyooka. Mei 1976, huko Columbia katika jimbo la Missouri, Marekani, wapiga shabaha kutoka nchi kadhaa walikutana wakaunda shirikisho la kimataifa linalojulikana kwa herufi IPSC, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Kaulimbiu yao waliiweka kwa Kilatini: Diligentia, Vis, Celeritas. Wenyewe hulifasiri neno la kwanza kuwa usahihi, la pili nguvu, la tatu kasi. Lakini katika Kilatini chenyewe neno hilo la kwanza lina maana ya uangalifu, bidii ya mtu anayeijali kazi yake, na kwa maoni yangu maana hiyo ya asili inaueleza mchezo vizuri kuliko tafsiri yake. Afrika haikuchelewa kuingia: mashindano ya dunia ya 1977 yalifanyika Salisbury, ambayo leo ni Harare, na bingwa akawa mwenyeji, Dave Westerhout. Ilikuwa Rhodesia ya wakati wa vita vya ukombozi, na hilo lisifichwe. Mchezo huu ulikulia mikononi mwa watu waliokuwa na sababu zao za kutembea na bastola, na si sababu zote zilikuwa za haki. Mwaka 1996 Wamarekani wengine, wakiona bastola za IPSC zimekuwa za gharama kubwa na zimejaa vikorokoro, walianzisha chama kingine, IDPA, kinachotaka bastola na ala za kawaida, za aina anayoweza kutembea nayo mtu kiunoni chini ya koti. Kanuni hizo za IDPA ndizo zilizoota mizizi kwa majirani zetu wa Kenya. Uwanja wa Kirigiti huko Kiambu, wa chama cha wamiliki wa bunduki wa nchi hiyo, umekuwa ukiwapokea washindani wa ndani na wa nje. Jina la mahali penyewe husemwa kuwa ni neno kriketi lililokaa midomoni mwa Wakikuyu, basi ule mchezo wa walowezi umebaki jina tu na mchezo mwingine umehamia.

Ili mtu aone kwa nini utunzaji una uzito kiasi hicho, lazima aelewe jinsi pointi zinavyohesabiwa. Karatasi ya shabaha ya IPSC ina maeneo matatu. La katikati ni A, lenye pointi 5. C na D yana pointi pungufu. Risasi iliyokosa karatasi kabisa haipati kitu, na juu yake mshindani hukatwa pointi 10. Jumla ya pointi hugawanywa kwa sekunde alizotumia, na jawabu ndilo kipimo chake katika kituo, yaani sehemu moja ya mashindano yenye shabaha zake. Mwenye kipimo kikubwa huchukua pointi zote za kituo, wengine hupewa kwa uwiano. Sasa tuchukue kituo cha risasi 12, chenye pointi 60 kwa anayelenga bila kosa. Mshindani wa kwanza amepata 58 kwa sekunde 10: kipimo chake ni 5.8. Wa pili ni mwangalifu zaidi, amepata zote 60 lakini kwa sekunde 12: kipimo ni 5.0, yaani asilimia 86 ya wa kwanza. Wa tatu amelenga sawasawa na wa kwanza, risasi kwa risasi, ila katikati ya kituo ganda moja la risasi liligoma kutoka, akatumia sekunde 3 kuliondoa. Pointi zake 58 zinagawanywa kwa 13, na kipimo kinashuka hadi 4.46, asilimia 77. Wa nne bastola yake haikumsumbua, bali risasi moja ilikwenda pembeni ya karatasi: anapoteza 5 za A, anakatwa 10, anabaki na 43 kwa sekunde 10, yaani 4.3, asilimia 74. Mtazame wa tatu na wa nne. Mmoja jicho lake lilikosea, mwingine jicho lake halikukosea hata kidogo, na bado wamekaribiana mno. Kwa IDPA hesabu ni nyepesi zaidi, kwa kuwa muda wenyewe ndio alama na kila pointi iliyopotea huongeza sekunde 1. Ganda la sekunde 3 linamgharimu mtu sawa na kupeleka risasi moja kwenye ukingo wa shabaha.

Na mwamuzi hatakupa nafasi ya kurudia. Karatasi ikianguka kwa upepo au kifaa cha uwanja kikiharibika, kituo hurudiwa. Bastola yako ikigoma, hiyo ni bastola yako. Kanuni za IPSC humpa mtu dakika 2 za kuirekebisha, na muda wote huo mdomo wa mtutu lazima uelekee mbele na kidole kiwe nje ya triga. Akisahau kidole chake kwa sababu ya hasira ya kukwama, anaondolewa mashindanoni siku hiyo, hata kama alikuwa anaongoza. Kuna aina moja ya kukwama ambayo mwamuzi haisubiri: akisikia risasi imelia kwa sauti hafifu, atapiga kelele kusimamisha kila kitu. Huenda baruti haikuwamo, na fataki, kile kiwashio cha nyuma ya ganda, peke yake imeisukuma risasi ikanasa katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ikikuta nyingine imekaa njiani, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwa mtu. Kosa hilo huwapata hasa wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani kwa mashine ya mkono ili kupunguza gharama, desturi ya kawaida katika nchi zinazoiruhusu. Hao hupimwa uwanjani kwa chombo kinachosoma mwendo wa risasi, kwa kuwa uzito wake ukizidishwa kwa mwendo lazima ufikie kiwango kilichowekwa, asije mtu akatumia risasi dhaifu zisizorusha mkono akawapita wenzake kwa kasi.

Mara nyingi kinachokwama chanzo chake ni magazini, kile kisanduku cha risasi, na hapa ndipo vumbi letu linaporudi. Mshindani anayebadilisha magazini huku anakimbia haiweki mfukoni. Anaiachia ianguke, kisha anaikanyaga au kuikimbia. Ikianguka mdomo ukiwa chini, inachota mchanga kama kijiko. Mchanga huo hupanda na risasi hadi chemba, na chemba imepimwa kwa unywele: punje chache zinatosha kuzuia risasi isikae. Ndiyo maana washindani wazoefu huzitia magazini zao namba kwa rangi. Bastola ikikwama mara mbili, mtu hutazama namba. Kama ni 4 na 4 tena, basi bastola haina kosa, namba 4 ndiyo yenye chemchemi iliyolegea au midomo iliyopinda. Njia hiyo ya kutafuta ugonjwa ni ileile ya fundi magari anayebadilisha plagi moja baada ya nyingine. Chemchemi kubwa inayokirudisha mbele kile chuma cha juu cha bastola nayo huchoka polepole, bila kutangaza. Anayesubiri iharibike ndipo aibadilishe ataibadilisha baada ya kushindwa. Kwa hiyo washindani hao huweka daftari: risasi ngapi zimepita, lini chemchemi ilibadilishwa, magazini gani imeondolewa kazini. Daftari hilo ni chombo cha mashindano kama bastola yenyewe.

Usafi wenyewe hauna siri, ila una mpangilio usiovunjwa. Kwanza magazini inatolewa. Kisha chemba inafunguliwa, inatazamwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole, hata kama mtu ameitazama dakika moja iliyopita. Risasi zote zinaondolewa chumbani. Baada ya hapo ndipo bastola inafunguliwa, mtutu unapitishwa brashi kutoka nyuma kwenda mbele, masizi yanafutwa, na reli ambazo chuma cha juu hutelezea hupewa tone la mafuta, moja kila upande. Mtu wa Tanga au Mombasa, mwenye hewa ya chumvi, ana haki ya kupaka zaidi kidogo, maana adui yake mkubwa ni kutu. Mtu wa Same anayemwiga atakuwa anatengeneza msasa ndani ya bastola yake. Ushauri unaoandikwa kwenye kijitabu cha kiwandani, mahali penye mvua ya mwaka mzima, hauwezi kujua hilo. Anayekaa penye vumbi ndiye mwenye kujua. Na kuna jambo linalosahaulika kwa urahisi kuliko yote: fataki nyingi zina risasi, namaanisha yale madini ya risasi yenye sumu, na moshi wake hukaa mikononi na nguoni. Kunawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula au kumbeba mtoto ni sehemu ya kutunza vifaa, kama vile kuziba masikio ni sehemu yake. Mlio wa bastola ya kawaida hufikia kiasi cha desibeli 160, na ule unaozidi 140 unatosha kuharibu sikio kwa mara moja.

Somo la kutu si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka kwa ajili ya bara, nyingi zikiwa kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya. Bonde la Pangani, chini ya milima hii, lilikuwa mojawapo ya njia za misafara hiyo. Bunduki hizo, na magobore yaliyofuata, zilitumia baruti nyeusi, na masizi ya baruti nyeusi yamejaa chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani. Mafuta peke yake hayaziondoi. Huondolewa kwa maji ya moto na kukaushwa, jambo ambalo mtu asiyefundishwa hulikwepa kwa kuogopa kwamba maji ndiyo yaletayo kutu. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914 walibeba bunduki za mtindo wa 1871 zilizotumia baruti hiyohiyo, zikafichua mahali walipo kwa moshi kila walipofyatua. Vita hiyo ya Kwanza ya Dunia ilipopanda hadi huku, Mei 1916, majeshi ya Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza yakishuka kwa kufuata reli na mto Pangani, kila upande ulikuwa na maelfu ya watu ambao maisha yao yalitegemea kama mtu amesafisha chuma jana usiku. Gobore lililoachwa na chumvi ndani kwa miaka halitangazi siku litakapopasuka, na anayelishika si adui.

Wapo watakaosema kwamba haya ya brashi na daftari ni mambo ya Wazungu. Historia ya Upare inasema vingine. Ugweno, kaskazini ya milima hii, katika wilaya ya Mwanga ya leo, utawala wa kale ulikuwa wa ukoo wa Washana, nao walikuwa wahunzi. Walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, na chuma chao kiliuzwa hadi Uchagani, ambako kilifuliwa kuwa majembe na mikuki. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare, ameeleza jinsi ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, ulivyouondoa utawala huo wa wahunzi. Ninachokiona mimi katika habari hiyo ni kwamba jamii hii ilijua zamani kwamba anayetengeneza silaha lazima awekwe chini ya utaratibu wa jamii nzima. Na kuhusu utunzaji wenyewe, nenda Bangalala au Makanya ukatazame ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo hujazwa usiku na maji ya mfereji na kufunguliwa asubuhi kwa zamu za wakulima. Kuichimba ni kazi ya mara moja. Kuitoa tope ni kazi isiyokwisha. Ndiyo maana Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila mwenye zamu ya maji anawajibika kushiriki, na anayekwepa hutozwa. Hakuna anayesema kwamba kutoa tope si kilimo. Mshindani wa bastola anayesafisha magazini zake saa tano za usiku anafanya msaragambo wa mtu mmoja, na mwamuzi kesho yake atamtoza akikwepa.

Hapa naomba nivuke kutoka mchezoni hadi mitaani, kwa kuwa hapo ndipo faida yake ilipo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na ni mojawapo ya nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogondogo. Leseni hutolewa kwa masharti, na ni haki iwe ngumu kuipata. Lakini leseni inajibu swali moja: je, mtu huyu aruhusiwe? Haijibu maswali yanayokuja miaka mitano baadaye, wakati bastola imelala ndani ya sanduku pamoja na unyevu wa milimani au vumbi la bondeni, na mwenyewe amesahau hata upande chemba inapofunguliwa. Mashindano huyajibu maswali hayo kila mwezi, mbele ya watu. Uwanjani hakuna anayetembea na bastola iliyojazwa. Inakaa tupu ndani ya ala mpaka mwamuzi, akiwa amesimama hatua moja nyuma ya mshindani, atoe amri ya kujaza. Na kituo kikiisha, mwamuzi hutazama chemba kwa macho yake kabla bastola haijarudi kiunoni. Mtutu ukigeuka kupita mstari wa pembeni, nyuzi 90 kutoka mbele, mtu ameondolewa. Bastola ikimponyoka mkononi ikaanguka, ameondolewa. Risasi ikimtoka pasipo kukusudia, ameondolewa, awe bingwa au mgeni. Kuna eneo moja tu ambalo mtu anaruhusiwa kuishika bastola yake bila mwamuzi ili airekebishe, na katika eneo hilo kugusa risasi ni marufuku. Sijui mahali pengine pa raia ambapo kosa la kidole hutazamwa kwa ukali huo.

Pingamizi la kwanza, na ndilo lenye nguvu, ni kwamba nchi yenye amani haihitaji kuzoesha watu bastola. Heri tupunguze silaha kuliko kuzitunza. Nalikubali nusu yake kwa moyo wote. Makadirio ya taasisi ya Small Arms Survey, yaliyotolewa 2018, yanaonyesha kwamba mikononi mwa raia wa Tanzania kuna bunduki isiyofikia 1 kwa kila watu 100, wakati Marekani ni zaidi ya 120 kwa watu 100. Pengo hilo ni hazina, na sitaki liguswe. Ila hoja yangu haimwombei mtu yeyote bunduki mpya. Inazungumza na zile zilizopo: za walinzi, za wafanyabiashara wenye leseni, za askari wa wanyamapori. Nje kidogo ya Same mjini ndipo lilipo lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951, na ndani yake faru weusi wanalindwa usiku na mchana na watu wenye bunduki katika vumbi hilihili. Bunduki ya askari huyo ikigoma, si pointi zitakazopotea. Na bunduki yake ikifyatuka wakati anashuka kwenye gari kwa sababu hajazoea kuikagua, atakayeumia ni mwenzake. Kupunguza idadi ya silaha na kuinua uangalifu wa wanaozishika ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, na nchi iliyofanikiwa katika ya kwanza haina sababu ya kuidharau ya pili.

Wengine husema mchezo huu unafundisha kuua. Kwa kuwa shabaha ya IPSC ina umbo linalokaribia kiwiliwili, siwezi kulitupa pingamizi hilo kirahisi. Lakini katika vituo vingi, kati ya shabaha za kupigwa huwekwa nyingine zenye alama ya kutopigwa, wakati mwingine zikiwa zimefunika nusu ya ile inayotakiwa. Anayeigusa hukatwa pointi 10. Mshindani hujifunza kwa miaka kwamba risasi aliyoizuia ina thamani kuliko aliyoiharakisha. Tarehe 21 Septemba 2013, jengo la Westgate jijini Nairobi liliposhambuliwa na watu 67 wakauawa, miongoni mwa waliowahi kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye bastola za leseni, bega kwa bega na polisi wachache. Wapenzi wa silaha huitaja siku hiyo kwa fahari, na ujasiri ule unastahili heshima. Ila siku hiyohiyo kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wenzake wa upande wa dola, kwa sababu ndani ya moshi na vurugu watu hawakutambuana. Ukiniuliza funzo gani la uwanja wa mashindano lilihitajika zaidi pale, nitataja ile shabaha yenye alama ya kutopigwa kabla ya kutaja kasi.

Lipo pia la fedha, na ni kweli: bastola, risasi na ada ni vitu vya wenye nacho. Hata hivyo sehemu kubwa ya mazoezi haihitaji risasi hata moja. Mabingwa wa mchezo huu hurudia maelfu ya mara kuchomoa bastola tupu, kulenga, kubonyeza triga na kubadilisha magazini tupu, chumbani, baada ya kukagua chemba mara mbili na kuondoa risasi zote ndani ya nyumba. Kwa mlinzi au askari wa pori ambaye kwa mwaka hupewa risasi chache za mazoezi, nusu saa ya namna hiyo kwa wiki chini ya msimamizi, pamoja na nusu saa ya brashi, haigharimu zaidi ya kitambaa na kichupa cha mafuta.

Na kama siku moja wakuu wa mahali hapa wataruhusu uwanja ujengwe chini ya milima hii, jambo la kwanza la kupimwa lisiwe shabaha. Liwe udongo. Uwanja hutaka kilima au tuta nene la kunasa risasi, na Upare una vilima vingi vya kuchagua. Hilo ni rahisi. Lakini risasi moja ya bastola ya kawaida ina kiasi cha gramu 8, nyingi zake zikiwa madini ya risasi. Washindani 50 wakifyatua 200 kila mmoja katika siku mbili, wameacha kilo 80 ndani ya tuta. Mvua chache za Same zikija huja kwa kishindo, na makorongo hubeba kila kitu kuelekea mashambani. Tuta lisijengwe juu ya mfereji wala juu ya ndiva. Liwe na mtaro wa kuzuia maji, lichekechwe kila baada ya muda uliopangwa, madini yakusanywe yapelekwe kwa wayeyushaji wenye kibali, na daftari la tuta liwe wazi kwa kamati ya maji ya kijiji, lenye tarehe, kilo zilizotolewa na saini ya aliyezipima.